Kuku wa Jumapili, Chumvi ya Alhamisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Falonne alifagia uwanja, akachota maji na kuwasha makaa kwenye mbabula. Mwezi huo kazi iliongezeka. Mama yake alikuwa mjini Kasaji akimuuguza bibi, naye baba, tata Kalumba, alishinda machimboni nje ya Kolwezi. Kila Jumamosi baba alimkabidhi Falonne pesa za chakula. Msichana wa miaka kumi na mitatu kuwa bwana wa jiko! Kichwa kilimvimba kidogo, tusifiche.

Alikimbilia sokoni akanunua mapaja ya kuku ya barafu na unga mweupe pe! Majani aliyapita bila kuyatazama. Aliona lengalenga, mchicha wa kwao, ni chakula cha watu walioshindwa. Jumapili harufu ya kuku ilivuka ua, majirani wakageuza shingo, na Falonne akatembea kwa madaha kama bibi harusi. Lakini ilipofika Alhamisi pesa zilikuwa zimekwisha, na bukari, yaani ugali, ililiwa kwa chumvi.

Tena watoto wote walikula sahani moja. Nkulu, aliyemfuata Falonne, alikuwa na mkono mwepesi. Dimitri, kitinda mimba wa miaka miwili, alikuwa bado anapuliza tonge la kwanza wakati wenzake wanalamba vidole.

Dimitri akaacha kucheza. Siku moja Falonne alimkuta amekaa mlangoni, nzi wametua usoni mwake, wala hawafukuzi. Hofu ilimshika. Alimbeba mbio mpaka kwa jirani yao, Mama Adèle, aliyepima watoto wa mtaa kwa niaba ya kituo cha afya.

Mama Adèle alimzungushia mtoto utepe mkononi. Utepe huo una rangi ya kijani kwa mtoto mzima, njano kwa aliye hatarini na nyekundu kwa wa kukimbizwa hospitali. Mkono wa Dimitri uliishia kwenye njano.

"Mutoto iko na njala," alisema.

"Njala? Mama, kila siku ya dimanche tunapikaka kuku!"

"Na siku zingine?"

Falonne aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka.

"Usilie. Leo tutamupatia uji ya kalanga. Tata akileta feza, tutaenda pamoja ku soko."

Jumamosi walikwenda. "Toa feza ya kuku tu," Mama Adèle aliagiza. "Ingine uache mu mufuko."

Waliporudi, walitandika mkeka na kumwaga vyote. Yakatoka maharage, kalanga, samaki wadogo wakavu wa kuliwa pamoja na vichwa vyao, mafuta mekundu ya mawese, mayai, papai, na mafungu ya lengalenga mabichi yanayong'aa. Mkeka ulijaa hadi pembeni. Macho yalimtoka Falonne pima. Alizunguka mkeka ule polepole, akiogopa hata kukanyaga karibu.

"Mama, kuku yangu njo ilikuwa inakula bitu hii byote?"

Mama Adèle alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha wakapanga chakula cha wiki: leo maharage, kesho lengalenga kwa kalanga ya kutwanga, kesho kutwa samaki. Maji ya mboga yasimwagwe. Na kila mtoto apewe sahani yake. Nkulu alinung'unika, lakini nani alimsikiliza?

Siku zikapita. Kwanza Dimitri alifukuza nzi. Halafu akasimama. Jioni moja tata Kalumba alifika amejaa vumbi jekundu, na mtoto akatoka mlangoni mbio, akamrukia miguuni karibu amwangushe. Baba akaachia sururu ianguke.

Mama Adèle alikuja na utepe wake. Kijani! Falonne aliushika mkono ule mdogo, akaubonyeza taratibu, akahisi nyama. Mwili wote ulimsisimka. Majani, kalanga na visamaki vya kidole vilikuwa vimemrudisha mtoto mzima!

"Mama Adèle, aksanti," baba alisema. "Mi nilizania mutoto anakomala na nyama."

"Nyama ni muzuri, tata, siku iko. Lakini mwili haijengwe na chakula ya siku moja. Inajengwa na chakula ya kila siku, na kila mutoto afikiwe."

Dimitri hakungoja wamalize. Aliinua sahani yake tupu mpaka usoni kwa dada yake, akapaza sauti: "Ingine!"