Sindano na Viatu vya Dada

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba. Dirisha lake lilitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na msumari mmoja ukutani. Kwenye msumari huo vilining'inia viatu vya mbio. Zamani vilikuwa vya bluu. Sasa vilikuwa na rangi ya moshi.

Mwenye chumba alikuwa mama mmoja fundi wa nguo, mwembamba, mwepesi wa mkono na wa mguu. Dada yake mkubwa alimpachika jina la Sindano tangu utotoni. Jina likamganda. Hata wateja walimwita hivyo, naye aliitika.

Viatu vile vilikuwa vya huyo dada. Miaka miwili kabla, dada alipata kazi ya ualimu katika mji wa mbali, safari ya siku mbili na zaidi. Asubuhi ya kuondoka, sanduku lilikataa kufunga. Dada akavichomoa viatu, akamtupia mdogo wake.

"Vikae kwako. Na usiache kukimbia, umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Kabla ya hapo, kila Jumamosi asubuhi, wawili hao walikimbia kutoka nyumbani hadi kwenye tangi kubwa la maji kilimani. Hawakushindana na mtu. Nusu ya pumzi yao iliishia kwenye kucheka. Wakifika juu waliegemeza migongo kwenye bati baridi la tangi. Kisha mmoja aligonga tangi kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, na mwingine akakisia maji yamefika wapi. Ulikuwa mchezo wao tu. Basi wakashuka, kila mtu na kazi zake.

Sasa mchezo ulikuwa wa simu. Jumamosi dada alikimbia kule kwake, Sindano akakimbia huku. Halafu dada alipiga.

"Umefika tangini?"

"Nimefika."

Lakini siku hizi Sindano hakuwa akifika.

Maumivu yalianza mwaka uliopita, kwenye muundi wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo cha mguu. Yalikaa upande wa ndani. Mwanzoni yalimsumbua anapoanza kukimbia tu, mwili ukipata moto yakapotea. Baadaye yakawa hayapotei. Akapumzika wiki mbili. Yakaisha. Akafurahi, akasema ngoja nifidie siku nilizopoteza. Wiki hiyo hiyo akaenda tangini mara tatu. Maumivu yakarudi na nguvu mpya. Akapumzika tena, akafidia tena. Sasa ilikuwa mara ya nne.

Na viatu je? Sindano ni fundi, hatupi kitu. Vilikuwa vikubwa kwake kidogo, akasokomeza kitambaa mbele. Ndani vililiwa, akakata sponji ya godoro kuukuu, akashonea. Sponji ikalala, akaongeza nyingine juu yake. Ubavu ulifumuka, akaushona kwa uzi mara mbili. Kila akivivaa, alihisi kama dada yupo hatua moja mbele yake, amegeuza kichwa, anamcheka.

Jumamosi moja alifika kwenye gereji ya kona, hata nusu ya njia bado. Muundi ukawaka. Akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa nje ya gereji. Simu ikalia.

"Umefika tangini, mdogo wangu?"

Sindano alitazama kilima kule mbele. Tangi lilionekana dogo kama bobini ya cherehani.

"Nimefika."

"Lina maji?"

"Limejaa."

"Basi subiri nikuambie. Likizo hii nakuja! Bado miezi mitatu. Wiki nzima nipo. Tutakwenda wote juu."

Sindano alishangilia mpaka fundi gereji akachungulia. Alipokata simu, machozi yakamtoka. Alirudi nyumbani akichechemea.

Mume wake, fundi wa kupaka rangi majumba, alikuwa uani akikoroga ndoo.

"Umerudi mapema leo. Au tangi limehamia karibu?"

"Niache, baba."

"Mguu tena?"

"Mguu."

"Mke wangu, huo mguu ungekuwa ukuta, ningesema usipakwe rangi kabla ya kutazamwa ufa. Wewe unapaka tu, unapaka tu."

Jumatatu aliingia mteja na koti jeupe mkononi. Alikuwa mama mnene mwenye viganja vipana, mtaalamu wa viungo katika kituo cha afya. Mtaa mzima ulimwita Mama Goti, kwa sababu aliwasimamisha wazee waliokuwa hawasimami.

"Fundi, mikono ya koti imenishinda. Kila nikinawa, inanawa nayo. Nipunguzie."

Sindano akaketi, akaanza kushona. Mama Goti hakutazama koti. Alitazama chini.

"Unakanyaga kwa mguu mmoja. Huo wa kulia umekwenda likizo?"

Sindano akacheka, kisha kicheko kikakatika. Akasema yote. Kukimbia, kupumzika, kufidia, mara nne. Akasema na habari ya dada anayekuja.

"Mama Goti, nipe dawa yoyote ya kusugua. Nataka kufika tangini na dada yangu. Sina haja nyingine."

"Dawa ya kusugua itakudanganya, wewe utakimbia juu ya uongo. Hebu nikuulize jambo la kazi yako. Ukifika kwenye pindo la jinzi, pale nguo ni tabaka sita, unakanyaga kwa kasi ile ile?"

"Hata! Sindano itavunjika."

"Unafanyaje?"

"Naondoa miguu. Nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja moja, mpaka nivuke. Halafu naongeza kasi."

Mama Goti akampigia makofi. "Kumbe mwalimu ni wewe! Mfupa na misuli yako vilitaka uvuke kwa mkono. Kila ukitoka mapumziko, wewe unakanyaga kasi yote. Kupumzika kunatuliza maumivu tu. Mguu haupati nguvu kwa kulala. Sasa, kila mguu una habari yake, sitakuamulia hapa kwenye vitambaa. Kesho njoo kituoni. Uje na hivyo viatu."

Kesho yake Sindano alilala kwenye kitanda chembamba cha kituo. Mama Goti alibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Hapa?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Hapo pia. Na chini yake."

"Linauma eneo refu kama kiganja. Hiyo ni nafuu. Pangeuma mahali pamoja tu, kama ncha ya kidole, ningehofia mfupa umeanza kupata ufa. Umelala, unaumwa?"

"La. Nikikimbia, na kidogo baada ya hapo."

"Vizuri. Siku ukiona muundi unauma umelala, au huwezi kuruka kwa mguu huo mmoja, usikimbie, njoo upigwe picha. Na shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto, au mguu ukafa ganzi, usingoje hata kesho. Hayo ni mambo mengine, ya kuonwa na daktari siku hiyo hiyo."

Kisha akaweka viatu juu ya meza, akarudi nyuma, akavitazama. Vyote viwili vililalia ndani, kama watu wawili wanaosinzia kwenye benchi.

"Hivi vimeshonwa vizuri kuliko koti langu," alisema. "Lakini vimekufa, fundi. Sponji ya godoro ni ya kulalia. Kila hatua mguu unateleza humo ndani, unapinda, na muundi ndio unaolipa."

"Ni vya dada yangu."

Mama Goti alivichukua, akavifunga kamba pamoja, akampa kwa mikono miwili.

"Basi vitunze. Ila usikimbie navyo."

Jumamosi iliyofuata simu ililia Sindano akiwa bado jikoni.

"Umefika tangini?"

Aliuma mdomo. "Dada, sijafika. Ni miezi miwili sasa sijafika. Nilikuwa nakudanganya."

Dada akapasuka kwa kicheko.

"Yaani mimi huku nakimbia roho mkononi nisipitwe na wewe, kumbe nashindana na mtu aliyekaa kitako!"

"Juu ya tairi la gereji," Sindano akasema, naye akicheka na kulia pamoja.

"Mjinga wewe. Nilikuwa naulizia tangi ili nipate kukusikia unavyohema. Sasa niambie huo mguu unasemaje."

Kazi ikaanza. Wiki tatu za kwanza Sindano hakukimbia hata hatua moja. Alitembea kwenye tambarare, mwendo usiouma, na siku nyingine aliazima baiskeli ya mumewe. Jioni, mguu ukiwa umechoka, aliweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika kumi na tano, asiiache iguse ngozi. Kwenye cherehani akawa anabadilisha miguu, na kila saa alisimama kidogo.

Na mazoezi yake aliyafanyia pale pale kazini. Pasi ilipokuwa ikipata moto, alishika ukingo wa meza, akajiinua kwenye ncha za vidole, akashuka polepole. Binti yake wa miaka kumi ndiye aliyekuwa karani.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Mama, hiyo umeiba, kisigino hakijapanda."

"Kimepanda."

"Hakijapanda. Kumi na mbili tena."

Baada ya wiki tatu aliweza kutembea nusu saa bila maumivu, na kuruka kwa mguu mmoja bila kukunja uso. Mama Goti akamruhusu: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Hatua ziwe fupi. Njia iwe ya udongo, si ya lami. Kila wiki ongeza kidogo tu. Ukihisi maumivu yanapanda, rudi nyuma wiki moja, wala usione haya.

Viatu vipya alikwenda kuvitafuta na mumewe, saa za jioni, kwa kuwa jioni miguu huwa imetanuka. Alivaa jozi tano. Muuzaji akaanza kuhema. Alichagua vile vilivyobakiza nafasi ya kidole gumba cha mkono mbele ya vidole, na vilivyoshika kisigino bila kukiminya. Vilikuwa vizuri. Lakini siku ya kwanza alipokimbia navyo, hakuwaza habari ya miguu. Alikimbia dakika yake moja na hatua moja mbele yake hapakuwa na mtu. Alitembea zile dakika mbili akifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Wiki ya sita alijisahau. Asubuhi ilikuwa ya baridi nzuri, mguu mwepesi, kilima kinamwita. Akapita gereji. Akaanza kupanda. "Leo nafika," akajisemea, "nimshangaze dada." Muundi ukanong'ona kidogo, kule ndani. Alisimama katikati ya mteremko. Tangi lilikuwa karibu, hata misumari ya bati aliiona. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akageuka, akashuka kwa kutembea. Ilimuuma moyoni kuliko mguuni. Wiki iliyofuata alirudi nyuma hatua moja, kama alivyoagizwa.

Dada alifika na mabegi matatu na sauti ile ile. Jumamosi, kabla jua halijachomoza, walitoka wawili.

"Sheria zangu," Sindano alisema. "Dakika tano tunakimbia, moja tunatembea. Kilima chote tunatembea."

"Kilima chote? Wazee wa magongo watatupita!"

"Tutawaamkia. Pale tunazungusha kwa mkono, dada."

Dada hakuelewa, lakini alifuata. Njiani walicheka nusu ya pumzi, kama zamani. Fundi gereji akapiga mluzi, akaliinua juu lile tairi kumwonyesha Sindano kiti chake. Kilimani walipanda bega kwa bega, bila haraka. Sindano aligundua kwamba zamani, wakikimbia, hakuwahi kuutazama uso wa dada yake njia nzima. Alikuwa akiona kisogo tu. Mvi zilikuwa zimeanza pale kwenye sikio.

Walipofika waliegemea bati baridi. Dada akagonga. Ngo, ngo.

"Robo," Sindano akasema.

"Robo, naam."

Wakakaa mpaka jasho likakauka, kisha wakakaa zaidi.

Wiki ikaisha kama siku. Dada alipofunga sanduku, aliviona viatu vyake vya zamani juu ya meza ya kukatia. Kimoja kilikuwa na rili za uzi ndani, kingine chaki na mkasi mdogo. Alivigusa. Alifungua begi, akatoa rili ya uzi wa bluu aliyokuwa ameinunua njiani, akaipachika katikati ya nyingine.

Nyumba ikawa kubwa kwa siku kadhaa.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Jumamosi asubuhi, simu ililia.

"Umefika tangini?"

Sindano alikuwa akihema. Alikuwa amekimbia njia yote, na kilima pia, hatua fupi fupi, na muundi ulikuwa kimya kama mtoto aliyeshiba. Aliielekeza simu kwenye bati, akagonga kwa kifundo cha kidole.

Ngo. Ngo.

Kule mbali, mwendo wa siku mbili na zaidi, dada alisikiliza.

"Rudia," alisema.

Sindano akarudia.

"Limejaa," dada akasema. "Limejaa mpaka juu."