Bibi Amefunguliwa Tumbo

Asubuhi hiyo mapokezi ya kituo cha televisheni yalifurika watu: wageni wa kipindi cha afya, waleta barua, na kwaya nzima iliyovaa sare za zambarau. Katikati yao alisimama mshonaji mmoja, gauni la kijani limemkaa sawasawa kiunoni, mkononi ameshika shela ya bi harusi iliyotapakaa tope.

"Namtaka aliyerusha helikopta jana juu ya mtaa wetu!" alisema. "Mlikuja kupiga picha bomba lililopasuka, upepo wenu ukanimwagia nguo kumi na moja kwenye maji!"

Mpiga picha wa angani alikuwa akipita na betri za kamera. Angeweza kwenda zake. Macho yakamponza.

"Anayerusha ni rubani, dada. Mimi napiga picha tu."

"Basi uliniona nikikimbiza nguo!"

"Nilikuona. Kwa nini unadhani tulizunguka tena?"

Kwaya ikaangua kicheko. Mshonaji alijikaza asicheke, akashindwa.

Mpiga picha aliifua shela ile kwa mikono yake mwenyewe. Miezi minne baadaye walikuwa wakiitana "roho yangu" kwenye simu mpaka masikio yapate moto. Shangazi aliyemlea mshonaji akatoa amri: "Aje Jumamosi saa nne, aseme anachotaka. Asipokuja, jina lake lisitajwe tena humu ndani."

Alhamisi mchana mshonaji akapiga simu.

"Roho yangu, Jumamosi hujasahau?"

"Nitasahauje, mpenzi? Ila nina wasiwasi. Bibi hajisikii vizuri, huenda nikalazimika kubaki naye."

"Bibi yupi?"

Kabla hajajibiwa, sauti nzito ikasikika simuni, nyuma ya mpiga picha: "Wewe! Bibi kashapata joto, njoo upande!"

"Ananisubiri, mpenzi. Nikishuka nitakupigia."

Simu ikakatika. Mshonaji akajichoma sindano kidoleni. Kumbe mtu ana mke amwitaye Bibi, na wala hajali kumficha!

Mpiga picha alipiga simu mara kumi na tisa. Haikupokelewa hata moja. Ijumaa asubuhi mshonaji akavaa gauni jekundu, akapaka wanja, akaenda hadi kwenye uwanja mdogo wa ndege anakofanyia kazi mpiga picha, kumwulizia huyo mke na kumwona kwa macho yake. Mlangoni pa karakana alimkuta mzee mwenye ovaroli lililolowa grisi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kumwona Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hali yake si nzuri. Amefunguliwa tumbo tangu alfajiri."

Hasira zikampungua. "Maskini! Yuko hospitali gani?"

"Hospitali ya nini? Namfungua mwenyewe, kwa bisibisi."

Mshonaji akarudi nyuma hatua mbili. "Na mumewe anakubali?"

"Mume sina habari naye. Labda yule aliyelala chini yake."

Alinyoosha kidole. Chini ya helikopta nyeupe ilitokeza miguu miwili, yenye soksi alizozitia viraka mshonaji mwenyewe.

"Huyu ndiye Bibi?"

"Ana miaka thelathini. Kwenye helikopta zetu hakuna inayomzidi umri, lazima aheshimiwe."

Mpiga picha akatoka akijiburuta, uso mweusi kwa mafuta. "Mpenzi! Mbona hupokei simu? Na umependeza hivyo unakwenda wapi?"

"Nimekuja kupigana na mke wako."

Alipoelezwa, mpiga picha alicheka mpaka akakalia sanduku la vifaa.

"Cheka tu," mshonaji akasema. "Kesho unakuja au huji?"

Wakati huohuo mzee, aliyekwisha kufunga kila kitu wao wakiongea, akawasha injini kuijaribu. Panga za juu zikaanza kuzunguka, gauni jekundu likapepea.

"Nakuja! Nataka kukuoa!" mpiga picha akapaza sauti.

Mshonaji akatega sikio kwa kiganja. "Nini?"

"Nataka kukuoa!"

"Sikusikii!"

"NATAKA KUKUOA!"

Mzee alikuwa amezima injini sekunde hiyohiyo. Neno likaenea uwanja mzima; walinzi wakageuka, rubani akachungulia dirishani na mswaki mdomoni.

"Nilikusikia tangu mwanzo," mshonaji akasema, akimfuta mafuta shavuni. "Nimekubali. Ila kesho utamke kwa sauti hiyohiyo. Shangazi sikio lake la kushoto ni zito, na hapendi kurudiwa."