Mpokeaji wa Kabati

Gauni la kitenge lililofuliwa Jumamosi na kupigwa pasi Jumapili lilikutwa kabatini Jumatatu likiwa limelowa jasho. Sidonia alilishika kwapani, akalinusa, akadhani labda alilivaa akasahau. Jumanne akakuta la pili. Hilo lilikuwa na jasho na pia mabega yake yalikuwa yametanuka, kana kwamba limevaliwa na mtu mwenye mwili mkubwa kuliko wake.

Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, la milango mitatu. Mumewe, Ebenezer Mwaluko, karani wa masjala katika wizara moja kule mji wa serikali, Mtumba, alilinunua mnadani mwezi Februari, miongoni mwa vitu vya marehemu asiye na ndugu. Ili liingie katika nyumba yao ya Chang'ombe, fundi aling'oa fremu ya mlango wa chumba. Binti yao Violeth alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mchana Sidonia alibaki peke yake nalo.

Ilipofika saa saba, jua likiwa juu ya mabati na mtaa umenyamaza, alisikia hanga zikisogezwa ndani ya kabati. Zilisogezwa moja moja, polepole, kama mtu anayechagua nguo ya kuvaa. Kisha ikaja harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa.

Kufikia Mei pete ya ndoa ilikuwa ikimdondoka kidoleni. Hospitali walipima kila kitu wasione kitu. Ebenezer akachukua shoka, akapiga mguu mmoja wa kabati pigo moja tu. Jikoni Sidonia alianguka akipiga kelele, na muundi wake ulikuwa umevimba.

Ndipo akaitwa Mzee Hashimu, mtu wa Kondoa aliyekuwa akishona magodoro hapo mtaani na ambaye watu walimwendea pia kwa mambo mengine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usinikaribishe kiti, sikai humu." Alisimama kizingitini, akasikiliza. "Huyu hafuati mbao, anafuata mwenyeji. Mkeo ndiye aliyepanga nguo humo siku ya kwanza, basi kamkubali yeye. Kila akivaa nguo ya mkeo, anavaa na kipande cha mkeo."

Sidonia alishika ukingo wa mlango. "Tulichome moto, mzee?"

"Utaungua wewe, mwanangu. Wala msimpe jirani, mtaua watu. Mpeni mtu anayelipwa kuchukua. Atakayeandika kwamba amepokea, huyo ndiye mwenyeji mpya."

"Na huyo mtu itakuwaje?" aliuliza Ebenezer.

Mzee Hashimu akacheka kidogo. "Si halmashauri wanatoza ada siku hizi kuchukua makochi na vitanda? Walipeni hao. Wapokee kwa muhuri wa ofisi. Muhuri hauna mwili. Sijaona jini akikondesha ofisi."

Ni kweli ada ilikuwepo. Tangu Januari ilitangazwa kwamba takataka kubwa za nyumbani hazichukuliwi tena na gari la kawaida. Mwenye nazo atalipa shilingi elfu ishirini kwa kipande, na atakayezitupa nje atatozwa faini. Ebenezer alilipa siku hiyohiyo kwa simu, akaenda na ujumbe wa malipo katika kitengo cha usafi. Pale dirishani alikaa dada mmoja aitwaye Evarista.

"Baba, umelipia kipande kimoja. Kabati lina milango mingapi?"

"Mitatu."

"Basi vipande vitatu."

"Dada, kabati ni moja."

"Mimi sibishani na wewe, baba. Mfumo ndio unasema."

Akalipia vitatu. Akaambiwa alete picha. Akaleta picha, akaambiwa fomu inataka barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa msibani Chemba, alirudi baada ya siku tisa. Barua ilipopatikana, Evarista alisema lazima mkaguzi aje aone kama kweli ni kabati.

"Mke wangu anaumwa kwa sababu ya hicho kitu," alisema Ebenezer, na sauti yake ilianza kupasuka.

"Pole sana. Anaumwa vumbi?"

 Miaka kumi na tisa Ebenezer alikuwa amekaa upande wa pili wa dirisha kama lile, akiwaambia watu hivyohivyo, na sasa alitamani kulivunja kwa ngumi.

Wiki ya nne tangu alipe ada alirudi nyumbani saa saba mchana bila kutarajiwa. Sidonia alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, mwembamba kama mtoto wa darasa la tatu, na alipomwona mumewe alinyoosha kidole chumbani, akanong'ona, "Baba Violeth, usiingie, anavaa." Lakini Ebenezer alikuwa ameshafika mlangoni, na harufu ya ngozi ilimjaa puani hata machozi yakamtoka, na akaona mlango wa kati wa kabati ukiwa wazi upana wa kiganja, na ndani ya giza lile mkono wa gauni la harusi la mkewe ukijaa taratibu, kuanzia begani, ukishuka kwenye kiwiko, kama mfuko unaotiwa mahindi, hadi ulipofika mwisho wa mkono na kitu kikakunja vidole ambavyo yeye hakuviona, na hanga ikayumba, na nyuma yake, sebuleni, Sidonia akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hatarudishiwa tena.

Alimbeba mkewe hadi nje. Usiku huo walilala uani.

Gari lilikuja Ijumaa ya wiki ya tano, baada ya mkaguzi kuridhika kwamba ni kabati. Vibarua wanne walishuka, na msimamizi wao Petro akiwa na fomu mkononi. Walilibeba kabati huku wakitukana uzito wake, wakang'oa fremu ya mlango kwa mara ya pili, wakalifunga kwa kamba juu ya gari.

"Mzee, saini hapa, aliyekabidhi."

Ebenezer akasaini. "Na hapa, aliyepokea? Saini wewe, na mgonge muhuri."

"Mimi? Mimi kibarua. Anayepokea ni afisa, yuko semina Morogoro. Muhuri umefungiwa kabatini kwake."

"Sasa?"

"Sasa fomu isipojaa dampo hawatufungulii geti. Tushushe, turudi akitoka semina. Jumatano ijayo."

"Jumatano mke wangu atakuwa amekufa!"

"Mzee, usinifokee mimi. Joel! Legeza kamba."

Ebenezer alimtazama Sidonia aliyeegemea ukuta. Alitazama kamba ikilegea. Akampokonya Petro fomu. Alifanya alilofanya maelfu ya mara masjala kila bosi asipokuwepo: penye nafasi ya mpokeaji aliandika "Kny", yaani kwa niaba ya, akaandika Afisa Usafi, akaweka saini yake, na chini yake, kwa herufi kubwa kama kanuni inavyotaka, jina lake kamili. Muhuri haukuwepo.

"Hapo sawa," alisema Petro. "Kumbe mzee unajua kazi."

Gari likaondoka. Jioni ile Sidonia alikula ugali wote akaomba mwingine. Alicheka. Ebenezer alimtazama akila, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akalala bila kusikiliza.

Jumatatu alifika Mtumba saa mbili kasoro robo, amechelewa. Mapokezini alikaa Miriam na daftari la mahudhurio.

"Mwaluko, leo unataka kusaini mara ngapi?"

"Ndiyo kwanza nafika."

Miriam akamgeuzia daftari. Saini ilikuwa yake, na mkia wake uleule.

"Umepita hapa saa moja na dakika kumi. Salamu hujaitikia, nikasema leo kaka kanuna." Alianza kucheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha. "Haya, basi ofisini kwako ameingia nani?"

Mwisho wa korido mlango wa masjala ulikuwa wazi nusu. Watu watatu walishajipanga foleni na mafaili yao. Ndani kiti kilisogezwa karibu na meza, na sauti ya Ebenezer Mwaluko, tulivu, ya mtu mwenye siku nzima ya kazi mbele yake, ikaita:

"Anayefuata."