Shiku na Kontena Zinazojiongeza

Kila asubuhi ya likizo, Shiku alimaliza kulisha ng'ombe kisha akaketi mbele ya kompyuta pamoja na Tata Murugi, dada mdogo wa mama yake, nyumbani kwao Gatitu. Tata alisimamia tovuti iliyowaunganisha watoaji damu na hospitali za Nyeri na Nanyuki. Programu yake ilikaa ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, kwenye kompyuta za mbali. Wageni wa tovuti wakiongezeka, kontena nazo sharti ziongezwe ili zisilemewe.

"Leo tuziache zijiongeze zenyewe," Tata alisema asubuhi moja.

"Wacha niziongeze kwa mkono, Tata. Nitakuwa macho." Shiku alitaka kuonekana mchapakazi.

"Haya. Ukilemewa, niite." Tata akaenda jikoni kumenya viazi.

Kabla ya adhuhuri, lori liligongana na basi karibu na Chaka. Redio ikawaomba watoaji damu wajiandikishe, na watu wakamiminika kwenye tovuti. Shiku akaongeza kontena mbili. Kabla hazijaanza kazi, wageni walikuwa wamezidi maradufu. Akaongeza tena, akachelewa tena. Mara tovuti ikakwama. Jasho likamtoka, lakini aliona haya kuita.

Simu ikalia. Alikuwa Wasike, muuguzi wa Nanyuki.

"Watu wanasema tovuti imekataa kufunguka. Niko na mama hapa aliyetoka kwa ajali, na damu ya kundi lake imetuishia. Kuna shida gani?"

Shiku angeweza kusingizia mtandao.

"Ni mimi," alisema. "Watu wamenizidi. Namwita Tata sasa hivi."

Tata alikuja mikono ikichuruzika maji. Hakugomba.

"Chagua zijiongeze zenyewe. Weka idadi ya chini na ya juu, zisipungue mno wala zisipite kiasi."

Shiku alibonyeza. Wakakodoa macho. Kontena moja ikaanza kazi, kisha nyingine, kisha kundi zima. Tovuti ikafunguka. Majina ya watoaji damu yakaingia: Omondi, Kanini, mwalimu mmoja wa Nanyuki.

Alasiri Wasike alipiga tena. Yule mama alikuwa ameongezewa damu, naye amefumbua macho.

Shiku alifuta machozi. "Nilidhani kuiachia mashine ni uvivu, Tata."

"Bidii si kufanya kila kitu kwa mkono," Tata alimwambia. "Mashine haichoki kuhesabu wageni; hiyo iachie. Kazi yako ni kuiwekea mipaka na kuichunga. Umesema ukweli, ndiyo maana tumewahi. Lakini siku nyingine ukilemewa, sema mapema, usingoje hospitali ikuulize."