Jina la Mwenye Pikipiki

"Christopher ni nani?"

Yuliana hakuinua macho. Alikuwa ameketi mkekani, ukumbini kwa mama yake hapo Chiungutwa, mtoto wa siku tisa akinyonya. Mumewe Vitalis alikuwa bado amesimama mlangoni, vumbi la barabara ya Newala limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Nakuuliza, Yuliana. Nimekuletea majina mazuri, majina ya siku hizi. Ivan. Jayden. Brayan. Ethan. Hata Junior nimekubali. Wewe unanipa Christopher. Ni nani huyo?"

"Ni mtu."

"Mtu gani? Ulisoma naye sekondari? Alikuchumbia kabla yangu?"

Yuliana akamhamishia mtoto titi la pili, bila haraka.

"Vitalis, tangu nijifungue umekuja hapa mara tatu. Umeuliza mtoto ana kilo ngapi. Umeuliza masikio ni ya nani. Umewahi kuniuliza nilifikaje hospitali ya Masasi?"

"Si ulikwenda na bodaboda?"

"Bodaboda gani?"

Vitalis akajipangusa vumbi usoni.

"Basi mwenye bodaboda hiyo ndiye Christopher."

"Yule mzee mwenye mvi? Mwenye pikipiki nyekundu?"

"Huyo huyo."

Vitalis akashusha pumzi, akavua viatu, akaketi kwenye kigoda. Njia nzima kutoka Newala alikuwa amemjenga kichwani Christopher mmoja kijana, mrefu, mwenye saa ya dhahabu. Kumbe ni mzee wa watu mwenye magoti mabovu.

"Sasa mke wangu, mtu kama huyo si tunamshukuru tu? Tunampelekea mkewe doti ya kanga, yanaisha. Jina la mtoto la nini?"

"Nataka jina lake."

"Lakini ni jina la kizee. Mtoto atachekwa shuleni."

"Atachekwa na nani? Na Jayden?"

Kabla Vitalis hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa dada yake, Isabela, wa Newala. Kwa mazoea akaweka sauti ya nje.

"Kaka, mmemaliza? Mimi huku nimeshatangaza ni Jayden. Mpaka mama muuza vitumbua anajua."

"Mwenzangu anataka Christopher."

"Christopher yupi?"

"Mwenye bodaboda aliyempeleka hospitali."

Isabela akaguna.

"Kaka, una akili? Unajua utaitwa nani wewe? Baba Christopher! Maisha yako yote! Kila atakayekusalimia atauliza jina limetoka wapi. Utamjibu nini? Kwamba mkeo alibebwa na bodaboda, na wewe ulikuwa wapi? Huyo mwanamke anataka kukuvalisha kengele shingoni."

"Wifi, habari za huko," Yuliana akasema.

"Aa... nzuri, wifi. Sikujua unasikia."

"Nasikia vizuri. Mungu amekujalia sauti."

Simu ikakatwa huko huko Newala.

Vitalis akaigeuza geuza mkononi. Sasa alielewa kilichokuwa kinamkera tangu mwanzo. Huku kwetu mtu akishazaa, jina lake linawekwa pembeni, anaitwa kwa mtoto wake. Sokoni, kanisani, kazini ghalani, atakuwa Baba Christopher. Jina hilo angelivaa yeye kuliko mtoto.

"Yuliana, nilishakueleza. Siku ile simu iliisha chaji. Umeme ulikatika ghalani tangu asubuhi."

Yuliana akavuta mto, akatoa simu yake chini ya mto, akafungua picha ya ujumbe aliyoihifadhi usiku ule wa kujifungua, akamwekea mkekani mbele ya miguu.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Soma kwa sauti. Wewe si msomi wa majina?"

Vitalis akainama. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa saa nane na dakika kumi mchana: "Vitalis uchungu umeanza. Leo ni kweli." Wa pili, saa nane na nusu: "Zahanati wamesema mtoto amekaa vibaya niende Masasi." Wa tatu, saa tisa kasoro: "Nipo njiani na mama. Pokea simu."

Chini ya ule wa kwanza zilikuwapo tiki mbili za bluu. Ile miwili iliyofuata ilikuwa na tiki moja moja.

"Mimi si mtaalamu wa simu," Yuliana akasema. "Lakini mtoto wa jirani alinieleza. Bluu maana yake umesoma. Moja maana yake umezima. Simu iliyoisha chaji haisomi kwanza."

Vitalis akajikuna kisogo.

"Mara mbili uliniita nikaja mbio, Yuliana. Mara mbili! Tunafika zahanati, wanasema bado. Pale ghalani wakaanza kunicheka. 'Vitalis, mkeo anajifungua kila Jumanne.' Nikajua hii nayo ni..."

"Ni uongo?"

"Sikusema uongo."

"Uongo umesema wewe, wa chaji. Mimi siku zote tisa sikusema neno. Hata mama sijamwambia. Nimetaka jina tu."

Vitalis alifanya kazi ya kupima uzito kwenye ghala la korosho. Mtu wa mizani amezoea kuaminiwa. Akatazama zile tiki kama anayetafuta kosa kwenye mizani ya mwingine, asilione.

"Na nikikataa?"

"Kesho ni kliniki. Kadi yake mpaka leo imeandikwa 'Mtoto wa Yuliana'. Ukikataa, iache hivyo. Na arobaini ikiisha, usije na gari kunichukua. Hapa nina mama, nina shamba."

Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele, Vitalis angejua la kujibu.

Mama yake Yuliana alikuwa jikoni, na mambo ya mkwe si ya mama mkwe kusemea. Akafanya linalofanywa: akamwita kaka yake. Mjomba Stefano akaja na baiskeli yake, akasalimiwa shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza pande zote mbili bila kukatiza.

"Mwanangu Yuliana," akasema, "hilo jina huwezi kulichukua."

Vitalis akainua kichwa.

"Jina la mtu aliye hai haliokotwi njiani," mjomba akaendelea. "Linaombwa kwa mwenyewe. Na mwombaji ni baba wa mtoto. Mwanamke akienda kuomba jina la mwanamume, kesho watu watatafuta pua ya mzee Christopher kwenye uso wa mtoto. Kwa hiyo hilo si lako. Ni la mumeo, akitaka."

"Na asipotaka?" Yuliana akauliza.

"Asipotaka ni haki yake. Atachagua hayo ya siku hizi." Akamgeukia Vitalis. "Lakini mkwe wangu, mimi namjua huyu tangu anatambaa. Utapata Jayden. Sijui kama utampata Yuliana."

Saa kumi jioni Vitalis alikuwa kwa mzee Christopher, jogoo kwapani. Alimkuta ameketi uani, gurudumu la pikipiki mapajani, anaziba pancha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu. Huyo jogoo amekamatwa au anauzwa?"

"Nimekuletea. Mimi ni mume wa Yuliana. Nimekuja kuomba jina."

Mzee akaweka gundi chini, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Alaa. Ndiye wewe. Mtoto mzima?"

"Mzima, mzee."

"Ashukuriwe Mungu. Sasa, kabla ya jina, nina swali moja. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Newala, ghalani. Simu iliisha chaji, mzee. Umeme..."

Mzee Christopher akaokota gundi, akarudi kwenye pancha yake.

"Chukua jogoo wako, baba. Ukimwahi mama mkwe wako atampika leo."

"Mzee?"

"Nimezaa sita. Jina langu hakuna aliyeniomba, hata watoto wangu wa kuzaa. Wao nao walitaka ya redioni. Leo mtu wa kwanza anakuja, ananiomba kwa uongo unaoonekana usoni. Nitoe jina likaanze maisha hivyo?"

Jogoo akapiga mbawa. Vitalis akambana. Alisimama muda mrefu hadi mzee akamaliza kupaka gundi na kuipuliza.

"Niliuona ujumbe," Vitalis akasema. "Nikazima simu. Nikaendelea kucheza drafti."

"Mh."

"Wenzangu walikuwa wananicheka. Nikaona leo sisogei. Nikalala kwa dada yangu. Nilipowasha simu asubuhi, nikakuta nimeshakuwa baba."

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Ulishinda?"

"Nini?"

"Hiyo drafti."

"Nilifungwa, mzee."

"Afadhali. Ungeshinda ningekufukuza." Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Keti. Nikwambie barabara ilivyokuwa. Tulipanda mshikaki: mimi mbele, mkeo katikati, mama yake nyuma amemkumbatia. Naendesha kama nimebeba mayai. Kila baada ya mwendo kidogo ananipiga begani, 'Baba simama, nimpigie mume wangu.' Nasimama. Anapiga, haupatikani. Mara ya pili nikasimama. Mara ya tatu nikasimama. Ya nne nikakataa. Nikamwambia, mama, mimi siwezi kumngoja mtu nisiyemwona. Akaniambia nini unajua?"

"Sijui."

"'Basi nenda taratibu, labda yuko nyuma anatufuata.'"

Vitalis akamweka jogoo chini bila kukusudia. Jogoo akatembea zake kuelekea kwa kuku wa mzee. Hakuna aliyemfukuza.

"Sasa sikiliza," mzee akasema. "Usijidanganye kwamba mtoto akienda jandoni atapewa jina jingine, na hili litafutika. Lake litabadilika. Wewe utabaki Baba Christopher hadi kaburini. Unaweza?"

"Sijui kama naweza, mzee. Ila nimekuja."

"Hilo ni jibu la mtu mzima. Jogoo keshajigawa mwenyewe. Jina nimekupa. Lakini kesho utalitaja wewe, mbele ya watu. Si mkeo."

Kliniki ilijaa. Akina mama walibanana kwenye mabenchi, watoto mgongoni na mapajani. Vitalis alikuwa mwanamume pekee, amesimama ukutani. Yuliana hakumuuliza kitu tangu jana. Alimwona amerudi bila jogoo, basi.

"Mtoto wa Yuliana!" nesi akaita. Kwenye koti lake pameandikwa Pendo. "Karibuni. Jina limepatikana? Msiniambie Jayden, jamani. Mwezi huu nina Jayden wanne na Brayan watatu. Nikiita mmoja wanalia wote."

Mabenchi yakacheka.

"Limepatikana," Vitalis akasema. "Andika Christopher."

Kalamu ikaenda.

"Christopher Vitalis. Jina la wazee hili, zuri. Ni babu yake?"

Hapo njia ilikuwa wazi. Ndiyo moja tu, na pale Newala pangekuwa na babu aitwaye Christopher, na hakuna ambaye angeuliza tena. Yuliana akakaza macho sakafuni. Mkono uliomshika mtoto ukatulia.

"Hapana," Vitalis akasema. "Ni mwenye pikipiki aliyempeleka mama yake Masasi. Mimi nililetewa ujumbe, nikausoma, nikaendelea kucheza drafti."

Benchi lote likageuka kumtazama. Bibi mmoja wa pembeni, aliyemsindikiza mjukuu wake, akasema, "Loo!" Mwingine akasema chini chini, "Angalau kasema."

Nesi Pendo alikuwa na foleni ndefu. Akapiga muhuri.

"Haya. Mvueni nguo mtoto, apimwe."

Yuliana akamvua mtoto nguo, akamfunika na kitenge. Akainuka. Lakini hakwenda kwenye mizani. Alikwenda ukutani.

"Baba Christopher."

Vitalis akageuka nyuma kutazama anayeitwa, kisha akageuka tena.

"Abee... naam."

Kicheko kikarudi kwenye mabenchi, na safari hii kilikuwa cha upole.

"Mshike mwanao, mweke mwenyewe. Kupima si ndiyo kazi yako?"

Akampokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli lililojaa. Akamlaza kwenye mizani. Mtoto akarusha miguu, mshale ukacheza, ukasimama. Nesi akauliza kilo ngapi, na Vitalis, ambaye maishani mwake hajawahi kukosea kusoma mizani, ikabidi asogee karibu zaidi na kufuta macho ndipo aone.

"Tatu na nusu," akasema.

"Alizaliwa na tatu na robo," Yuliana akasema. "Ameongezeka."

Arobaini ilipokwisha, Vitalis akaja na gari. Yuliana alikuwa ameshafunga mizigo tangu asubuhi.

Ghalani habari ilikuwa imetangulia, Isabela alihakikisha. Siku ya kwanza baada ya kumrudisha mkewe, wakati wa mapumziko, mmoja akapaza sauti kutoka juu ya magunia:

"Baba Christopher! Njoo drafti!"

Wakacheka. Vitalis akaitika, akaenda. Akatoa simu mfukoni, akaiweka pembeni mwa ubao, kioo kikitazama juu, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Ndipo akaketi na kupanga kete.