Kibuyu Katikati ya Ukuta

Walikutana sokoni Chepilat, pale mpakani, siku ya soko, mahali ambapo huwezi kupiga hatua bila kukanyaga kitunguu cha mtu. Weldon, daktari wa ng'ombe kutoka Kericho aliyejulikana na soko zima, alikuwa amevaa gambuti zenye matope na shati jeupe ambalo halikufaa kabisa kuvaliwa na gambuti. Nyambeki, fundi wa nguo kutoka upande wa pili wa mpaka, alikuwa katika gauni la njano alilojishonea mwenyewe. Gambuti moja ikatua juu ya kitambaa alichokuwa ametoka kununua.

"Daktari, hiyo si zizi," alimwambia.

"Nitaosha."

"Na hizo mikono umeshikia ng'ombe?"

"Basi nipe namba ya simu, nikuambie ikikauka."

Uongo mtupu, lakini namba alipewa. Hiyo ilikuwa Oktoba. Kufikia Juni walikuwa wakipigiana simu asubuhi, mchana na jioni, na mama yake Weldon, Mama Phelis wa Bomet, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi angekuja Kericho kumwona huyo msichana. Alisema pia kwamba hapendi mwanawe aoe mtu wa upande ule wa mpaka. Hilo la pili Weldon hakumwambia Nyambeki.

Alhamisi Nyambeki alifika kwa Weldon kumpambia nyumba. Sebule iling'aa, ila ukuta mmoja mpana ulikuwa mtupu, mweupe kama wa zahanati.

"Ninunue ile picha ya maporomoko ya maji?" Weldon aliuliza kwa simu kutoka Kabianga, ng'ombe akilia nyuma yake.

"Usinunue kitu, mpenzi. Huu ukuta tutapamba na vitu viko hapa ndani."

"Vitu gani? Mimi niko na sufuria mbili."

"Wewe shughulika na ng'ombe wa watu."

Akavua viatu, akaanza. Maboksi ya kadibodi aliyafunika kwa mabaki ya vitambaa vyake. Kitambaa cha kochi kilichochakaa pembeni alikikata, akakivuta ndani ya fremu kuukuu. Ungo ukapanda ukutani, na sahani mbili za bati zenye maua. Katikati pakabaki pengo. Chini ya kitanda, ndani ya sweta, akapata kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi, nusu ya shanga zake zimedondoka. Ndani kilikuwa cheusi, kinanuka moshi. Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, Nyambeki alikuwa akiinywa tu. Jinsi vyombo vyake vinavyotunzwa hakuna aliyewahi kumfundisha. Akakisugua kwa sabuni na maji moto mara tatu, akaweka shanga mpya, kisha akatoboa matundu mawili shingoni kwa msumari wa moto, apitishe waya.

Weldon aliingia saa kumi na moja, amelowa mvua. Alisimama mlangoni na mkoba mkononi.

"Hiyo sotet umetoa wapi?"

"Chini ya kitanda. Si imependeza?"

Akakishusha kibuyu, akakinusa. "Sabuni. Nyambeki, hii husuguliwa na mkaa wa mti wa senetwet, haioni sabuni. Na umetoboa." Aligusa tundu moja kwa ukucha. "Mama alipewa na mama yake akiolewa. Kesho kutwa anaingia hapa aone hivi?"

Nyambeki alisogea karibu. "Sori, Weldon. Sikujua. Kweli sikujua." Lakini fundi hupima mara mbili, naye akatulia, akauliza, "Ilikuja hapa lini?"

"Februari."

"Ya nini? Wewe huweki maziwa."

Weldon alitazama sakafu. "Alisema nimpe mtu nitaoa."

"Februari tulikuwa tunajuana tayari."

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nani mwingine?"

Jibu alikuwa nalo. Alimwogopa mama yake, basi. Ila mwanamume mzima hushindwa kutamka neno kama hilo, akanyamaza, na kule kunyamaza kulimuumiza Nyambeki kuliko tusi. Alivaa viatu, akachukua mkoba wake, akaondoka na mvua ile ile.

Ijumaa Weldon alipiga simu kutwa nzima. Ikashikwa mara moja tu.

"Mpenzi, sikiza kwanza."

"Umengoja miezi minne. Ukipata jibu utanipigia." Akakata.

Jumamosi saa nne Mama Phelis aliingia na sweta ya rangi ya damu ya mzee na viatu vya kanisani. Macho yalikwenda moja kwa moja ukutani. Weldon alikuwa amekirudisha kibuyu mahali pake; alichoka kuficha vitu.

"Nani ametopoa?" mama aliuliza, "b" ikigeuka "p" kwenye ulimi wake wa Kipsigis.

Kabla Weldon hajajibu, mlango ulibishwa. Alikuwa Nyambeki, gauni la kijani, uso mkavu.

"Habari ya asubuhi, Mama. Mimi ni Nyambeki. Nimetoboa ni mimi, na nimeosha na sabuni ni mimi. Sikutaka useme nilitoroka. Unisamehe. Sasa naenda."

"Ngoja." Mama Phelis alipitisha kidole kwenye shanga. "Na hizi?"

"Pia ni mimi."

"Imeniuma sana. Maziwa haiwezi kukaa hapa tena." Akamgeukia mwanawe. "Mimi nilikupa uweke kwa mkono ya mtu. Ulimpa?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

Angesema bado anafikiria, mama angekunywa chai kwa amani na Nyambeki angepotea moja kwa moja. Weldon alimtazama mama yake usoni.

"Nilikuogopa. Nilijua hutaki mtu wa upande ule. Lakini ni huyu. Hakuna mwingine, hata ukirudi Bomet umekasirika."

Mama Phelis alivuta kiti, akaketi taratibu.

"Kumbe unaweza kuongea," alisema. "Weka chai."

Nyambeki hakuondoka mlangoni. "Umeambia mama yako. Mimi hujaniuliza kitu."

Weldon alivuka sebule akasimama mbele yake, masikio yakimwaka moto.

"Nyambeki, utakubali nikuoe?"

Nyambeki alimwacha asimame hapo hadi mama akageuka kutazama dirisha.

"Nitakubali. Lakini Jumamosi ijayo utaketi mbele ya baba yangu. Yeye pia hataki mtu wa upande huu. Na mimi siku hiyo nitakaa jikoni, kimya kama wewe Alhamisi."