Tundu Lililozibwa Darini

Haya yalimpata Roland Niemi, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu hapa Calumet, kaskazini mwa Michigan. Roland si mtu wa visa. Maisha yake yote aliendesha gari la kuondoa theluji barabarani, na mpaka leo ni mgumu wa maneno.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mkewe, Darlene, alikuwa jikoni anakanda unga wa mikate ya nyama na viazi. Roland akavaa barakoa, akachukua tochi na msumeno mdogo, akaegemeza ngazi chini ya mlango wa dari. Tangu fundi aje kupuliza povu la kuzuia baridi, nyumba ilikuwa na joto zuri, ila ilinuka kama samaki aliyeoza. Kwenye simu fundi alikiri kwamba huenda mahali fulani alipuliza nene mno kwa mkupuo mmoja, povu likashindwa kukauka kwa ndani. Palipo laini pakatwe, naye atakuja kupuliza upya.

"Ukiona panya huko usiniambie," Darlene alisema.

"Nitamleta mezani."

"Mlete, mtakula wawili."

Darini hapasimamiki. Roland alitambaa kwa tumbo huku akibonyeza kwa kidole povu lililopulizwa chini ya paa, kenchi moja baada ya nyingine. Gumu. Gumu. Akafika ukuta wa mwisho, palipokuwa na tundu la zamani la kupitishia hewa. Hilma, ajuza aliyewauzia nyumba, aliwaomba jambo moja tu: lile tundu lisizibwe kamwe. Wao walidhani ni uzee. Sasa lilikuwa limemezwa na povu, hata halionekani.

Hapo povu lilikuwa laini. Tena vuguvugu.

Akaweka kiganja. Povu likainuka polepole, likamsukuma mkono. Likashuka. Likainuka tena.

Akajiambia ni upepo tu. Nje hapakuwa na upepo.

Akachomeka msumeno. Alitegemea harufu imtokee usoni, lakini hewa ilikwenda kinyume. Ilifyonzwa ndani ya ule mkato kwa mlio mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Nyuma yake ngazi ikaanguka. Mlango wa dari, unaofungukia chini, ukavutwa juu ukajifunga.

Masikio yake yakaziba. Akageuka kwa taabu, akarudi, akausukuma mlango kwa viganja, kisha kwa magoti. Haukutikisika.

"Roland? Umeangusha nini?"

"Fungua," alisema. Sauti ilitoka kama mnong'ono.

"Nimepanda kiti, nauvuta, umekwama! Sukuma na wewe, jamani!"

"Sina pumzi, Darlene."

Kila alipovuta hewa alipata nusu. Akivuta tena, nusu ya ile nusu. Povu la juu likamgusa mgongo, na dakika iliyopita halikuwa limemfikia. Tochi ikawa inafifia. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, mtu akasema taratibu, bila hasira:

"Umevuta ya kutosha. Nipishe na mimi."

Roland hakuuliza ni nani. Alielewa kwamba mlango ule hautafunguka. Njia iliyobaki ilikuwa kule kule kwenye tundu.

Akatambaa kukielekea kile kilichokuwa kikipumua.

Akaupata mkato kwa kupapasa. Akakata. Akachimbua povu kwa kucha. Akageuka, akapiga mateke kwa buti zote mbili. Mbao za tundu zikapasuka. Mwanga wa mchana ukaingia.

Kitu kikampanda. Kizito. Cha moto. Kilipita juu yake, kisogoni, mgongoni, mpaka visiginoni. Hakikuwa na haraka.

Kisha hewa ikarudi, na mlango wa dari ukaanguka wazi wenyewe.

Darlene alimvuta nje midomo ikiwa ya bluu. Walipokaa jikoni ndipo akanong'ona, "Kilikuwa nini?"

"Sijui. Kilitaka kutoka."

Tundu likaachwa wazi. Harufu ikaisha. Fundi akaja na kipimo chake cha joto, akapita kenchi zote, akasema hakuna hata sehemu moja inayovujisha joto.

Wiki hiyo theluji ilianguka sana. Mimi ndiye niliyemwita Roland atoke aone. Paa lake lote lilikuwa jeupe, isipokuwa mahali pamoja palipoyeyuka mpaka kwenye vigae. Umbo la mtu aliyelala kifudifudi, kichwa kikielekea chini, mikono mbele. Vidole vilionekana.

Roland akaiparua theluji yote kwa reki ndefu. Ikaanguka nyingine. Umbo likarudi, limeshuka kidogo.

Leo asubuhi mkono mmoja umevuka ukingo wa paa, juu ya dirisha la chumba chao cha kulala. Darlene ameona ukungu kwenye kioo, duara dogo, kama la mdomo. Ameufuta kwa kitambaa. Haufutiki. Uko upande wa nje.